Tone la Mgeni

Mzee Hushang alijishika kifua pale pale sinia la chai lilipoingia sebuleni.

"Moyo," alinong'ona, akiegemea mto. "Niwieni radhi, wageni. Haya ya posa tuyaache hadi siku nyingine."

Bwana Daryush, aliyekuja kumposea mwanawe, alibaki na kipande cha halua mkononi. Mkewe akaanza dua. Bi Esmat, mke wa mzee, alisogeza bakuli la sukari lisije likapigwa teke.

Binti aliyekuwa akiposwa, Mahrukh, alitua sinia, akachomoa kitu mkobani. Kazi yake hapo chuo kikuu cha Isfahan ilikuwa kuunda vipimo vya umeme vyenye nyuzi nyembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu. Tone moja la damu, na nyuzi hizo hunusa protini inayovuja kwenye moyo unaoumia, hata kama mwenyewe hajahisi kitu. Taa ya kijani, salama. Nyekundu, mbio hospitali.

"Kimebaki kimoja tu, baba. Lete kidole."

Mzee akaficha mkono kwapani. "Nimtangulie mgeni? Ndani ya nyumba yangu? Bwana Daryush, tafadhali, anza wewe."

"Nikufie, ndugu yangu. Mgonjwa ni wewe."

"Nyumba ni yako, na kipimo ni chako."

"Astaghfirullahi, sistahili."

Isfahan mgeni hukataa mara mbili. Akikataa na ya tatu, ametukana ukoo. Mzee akamkaribisha mara ya tatu, huku anahema. Bwana Daryush, jasho la aibu likimtiririka, akanyoosha kidole. Mahrukh alimchoma huku machozi yakimlenga: kipimo cha mwisho kinapotea kwa mtu asiyeumwa chochote, na baba yake anakata roho kwa adabu.

Taa ikawaka nyekundu.

Gari la wagonjwa lilimbeba Bwana Daryush akiapa kwamba haumwi popote. Jioni mwanawe akapiga simu: mshipa wa moyo ulikuwa umebakiza tundu la sindano, madaktari wameuzibua. Na baba yake, hata kukaa hajaweza, ameshatangaza kitandani kwamba binti huyu ni mkwewe, hamwachii mtu mwingine, na arusi ni mwezi huu huu.

Mzee Hushang aliweka simu chini taratibu. Bi Esmat akammiminia chai.

"Wachumba watatu umewafukuza kwa kifua hiki hiki," alisema. "Huyu wa nne, mume wangu, itabidi uumwe kweli."