Sababu ya Kukataa Wali

"Sasa mwenzangu, chakula changu unakikataa kwa sababu gani?" Bi Kibibi aliuliza kwa sauti ya kusikika jengo zima, na majirani, ambao uhondo hauwapiti, wakajaa kwenye ngazi.

Mwantumu alijua kwamba akijibu ovyo amekwisha. Siku hizi hukatai jambo bila sababu inayokubaliwa na Kipimo, ile bangili ya kila mkazi, na anayekosa sababu huhamishiwa mji mwingine, akazeekee kwa wasiomjua.

"Moyo wangu umesita," alisema.

"Moyo si sababu," bangili ikajibu kwa upole.

"Haya. Mzee Shomvi aligombana na huyu, kama nilivyogombana naye mimi jana. Ijumaa akaitwa kula suluhu, na mpaka leo hajainuka kitandani."

"Yule ana uzee wake, mwaya," alisema Bi Kibibi. "Au huo nao nimempikia mimi?"

Watu wakaangua kicheko. Bangili ikapiga hesabu zake.

"Tukio moja halitoshi," ikasema. "Likitokea la pili, sababu yako itapokelewa."

Majirani wakaitikia kwa vichwa, maana hukumu ilikuwa ya haki na hakuna aliyeona pa kuipinga. Bi Kibibi akausukuma mlango wake, harufu ya wali wa nazi ikawafikia wote.

"Karibu ndani, mwenzangu," alisema. "Wengine watakula sinia moja. Wewe nimekutengea sahani yako."