Kikombe cha Mpima Maji

Mgeni alipomaliza kahawa, alikipindua kikombe juu ya kisahani na kukizungusha mara tatu.

Nikashtuka. Alituambia katumwa na taifa kubwa la ng'ambo kupima maji ya bomba, na kwamba amefika Kupro jana. Mgeni wa jana humeza mashapo ya kahawa akakohoa. Huyu alijua kwamba kwetu kikombe hupinduliwa ili kisomwe.

"Nisomee bahati yangu, mama," alimwambia Emine, jirani yangu Mturuki. Miaka thelathini mimi na Emine tunachota maji kisima kimoja, ingawa mimi ni Mgiriki.

Emine akakichungulia kikombe. "Naona safari, bwana mkubwa. Ya kurudi ndiyo siioni."

Mgeni akacheka, akakunjua ramani. "Ule mlango wa buluu, ni wa Wagiriki au wa Waturuki?"

"Kumbe bomba nalo lina kabila?" nikamuuliza, huku nikiinamia ramani.

Mstari wa kijani ulikata kati ya ua wangu na wa Emine. Nilikitafuta kisima chetu; mpima maji hakukichora. Lakini kila nyumba ilikuwa na alama, nyekundu yetu, nyeusi yao, na hakukosea hata moja. Uliobaki ni mlango wa buluu tu, nyumba iliyohamiwa juzi.

Kuna mtu wa hapa aliyemtajia nyumba zote hizo.

Nikainua macho kumtazama Emine. Yeye alikuwa ameshanikazia yake.