Kiti Kimoja cha Kulwa na Doto

Siku hizi namba ya mtihani ni DNA yako. Unaweka kidole kwenye kifaa mlangoni, kinakusoma, unaingia. Mimi na pacha wangu Kulwa tulitoka yai moja, kwa hiyo kifaa kinatuona mtu mmoja. Tumepewa kiti kimoja.

Tumezoea kugawana kazi. Yeye akiosha vyombo, mimi nasonga ugali. Hata baiolojia tuligawana: yeye alisoma DNA, mimi nikasoma protini. Habari ya kiti tuliipata juzi.

"Mwalimu, tuko wawili," nilimwambia Mwalimu Ngonyani.

"Nawaona, Doto. Lakini kifaa hakiwaoni. Cheti kitakuwa kimoja, na nafasi ya kidato cha tano ni moja. Amueni nyumbani."

Mama aliamua aende Kulwa, kwa kuwa alitangulia kuzaliwa. Siku mbili nzima nikamfundisha protini.

"Asidi amino ni shanga, protini ni mkufu," nilisema.

"Na mkufu ukipata joto kali?"

"Mikunjo yake inafumuka, haufanyi kazi tena. Shanga zangu hizo, usinipotezee!"

Akacheka. Mimi sikujua kama natania.

Leo asubuhi nilimsindikiza mpaka mlangoni, akaweka kidole, akaingia. Nikarudi nyumbani peke yangu. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Mtihani ulikuwaje?" akaniuliza. "Protini zimetoka?"

Mama hajawahi kutuchanganya tangu tuzaliwe. Nikamtazama usoni, nisijue kama leo amekosea au ameanza kuzoea kuwa na mtoto mmoja.