Gunia la Uzi Mwekundu

Uzi mweusi ulikuwa umeisha, kwa hiyo Nabwile alishona mdomo wa gunia kwa uzi mwekundu wa kufumia, akalisukuma nyuma kabisa ya stoo. Juu mahindi, chini magunzi. Kisha akakimbia kuurudisha ufunguo kwenye koti la mumewe kabla hajatoka kuoga.

Gorogoro kumi alizochota, yale makopo ya kilo mbili mbili, aliziuza soko la Mabanga, akamnunulia mamake dawa ya macho. Mboga na maharagwe ni vyake kuuza. Mahindi ni ya Khaemba, mumewe. Boma lao lilikwenda hivyo miaka kumi na tisa, na Khaemba, shemasi mzima, hakuwahi kumdanganya.

Tangu siku hiyo aliiogopa siku ya kuuza mahindi. Majirani waliuza, bei ikapanda, Khaemba akabaki kusema, "Bado, Mama Lorna. Tungoje kidogo." Kila aliposema hivyo, Nabwile alimshukuru Mungu, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Alhamisi, Jotham, kakake Khaemba, alifika na lori la Kipkirui, mnunuzi wa kutoka Kitale.

"Bei kama hii hutaiona tena, bana," Jotham alisema. "Ama unayaatamia mpaka yaangue vifaranga?"

Wapakiaji walicheka. Khaemba hakucheka. Alisema ati ufunguo umepotea. Jotham akauchomoa kwenye koti la Khaemba, akafungua stoo mwenyewe.

Kipkirui aliingia na chuma chake cha kudungia magunia. Nabwile, mlangoni, alifumba macho. Akasikia chuma kikizama, kikagonga kitu kikavu.

"Mzee! Si haya ni magunzi?"

Nabwile akapiga magoti, macho bado kayafumba. "Ni mimi, Baba Lorna! Mahindi niliyauza mimi. Nisamehe!"

Khaemba akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mmesikia wenyewe?" akawauliza watu. "Kumbe miaka yote nimelala na mwizi!"

Nabwile aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka, huku Kipkirui akidunga gunia la pili, la tatu, mpaka la nane. Yote magunzi.

Ndipo alipofumbua macho. Magunia yote manane yalikuwa yameshonwa kwa uzi mweusi. La uzi mwekundu lilikuwa bado limesimama kule nyuma, halijaguswa.