Sahani Mbili za Naomi

Sahani zote mbili zilirudi zimerambwa, hata chembe haikubaki. Naomi alizigeuza mkononi, akacheka kwa majivuno, kisha akabandika nyota nyingine kwenye karatasi ukutani.

"Nilisema nini?" akamwambia Ndinda, msichana wake wa kazi. "Mtoto hachagui chakula. Mama ndiye mjinga."

Ndinda akatazama sakafu.

Naomi alifundisha lishe katika zahanati moja ya kisiwani, huko mtaa wa Tudor, na uhodari wake mkubwa ulikuwa kuwadharau akina mama. Huyu anamlisha mtoto chai na mkate, yule anambembeleza kwa kaimati za sukari! Aibu iliyomla mwenyewe kimyakimya ni kwamba Morgan, mwanawe wa miaka mitano, hakugusa chochote ila viazi vya karai, na kadi yake ya kliniki ilionyesha uzito ulio chini ya mstari. Bi Nasipwondi, msimamizi wake, alimwambia bila kumficha: uzito usipopanda kufikia mwezi wa kumi, somo la lishe atapewa mwingine.

Basi Naomi akabuni chakula chake. Mchicha, boga, maharagwe na dagaa wa omena, vyote huchemshwa pamoja bila chumvi wala mafuta, kisha hupondwa. Ladha yake ilikuwa kama ya maji ya kuoshea sufuria, lakini nani alimuuliza mtu ladha? Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliacha sahani mbili. Moja ya Morgan, nyingine ya watoto wa Bi Mejumaa, jirani wa ng'ambo ya kichochoro hapo Makadara. Usidhani ni ukarimu. Alikwisha kuwahukumu watu wale siku ya kwanza alipowaona wamekaa mkekani, mikono saba katika sinia moja, mchuzi wa nazi ukiwachuruzika vidoleni.

"Wapelekee," alimwagiza Ndinda. "Waonje chakula cha watu waliosoma."

Miezi miwili ikapita, sahani zikirudi vilevile. Morgan akajaa mashavu. Shati lake lilipoonekana na doa la manjano, Naomi alisema ni boga, akamkaripia Ndinda kwa uvivu. Hata paka wa kichochoroni walinenepa, wakawa wanalala mlangoni pake kama wapangaji. Aliwafukuza kwa ndara.

Mwezi wa kumi Morgan akapimwa, uzito ukavuka mstari. Bi Nasipwondi akampa mkono wa pongezi, lakini Naomi hakutosheka. Alitaka msimamizi ajionee jinsi hata watoto wa jirani walivyookolewa, ili chakula kile kitangazwe katika kila zahanati ya kisiwani kwa jina lake. Mchana mmoja akamleta Makadara bila kumwarifu mtu, wakapiga hodi kwa Bi Mejumaa.

"Karibuni, wanangu," akaitikia Bi Mejumaa. "Mwaja wakati mwema, chakula ki meza... ki mkekani!" Akacheka peke yake.

Sinia lilijaa wali, mchicha wa nazi, kunde, na samaki wa kupaka mwenye rangi ya manjano. Mikono ilikuwa tisa. Wa tisa ulikuwa wa Ndinda, uliosimama hewani na tonge. Wa nane ulikuwa wa Morgan, na haukusimama. Ulikuwa ukikomba mchicha.

Bi Nasipwondi akamgeukia Naomi.

"Na sahani zangu?" Naomi aliuliza.

"Zile mbili? Zi pale uani." Bi Mejumaa akatabasamu kwa upole wake wote. "Ndinda huzileta akanyamaza, na kile chakula hakina hata chumvi, nami nalidhani wawapikia paka. Mola akulipe, mwanangu. Ila boga usiwatilie tena, huliramba tu kwa kuwa hawana pengine pa kwenda."