Godoro la Wodi ya Wazazi

Mkutano wa wenye nyumba ulikuwa umefika kwenye kura: kodi ya majengo iongezwe ili hospitali ya mji ipanuliwe, au isiongezwe. Wanaokubali wabaki upande wa mlango, wanaokataa wavuke waende madirishani.

"Hospitali ni kazi ya serikali," alisema Mzee Kitwana, mwenye nyumba kumi na moja. "Wake wa wanangu mimi huzalia hospitali za kulipia." Wakampigia makofi.

Makofi hayajaisha, Nesi Mwanakombo akaingia akiburuta godoro. Akalibwaga katikati ya ukumbi, likaziba njia yote. Raba iliyolifunika godoro ilikuwa imechanika, na sponji iliyochungulia ilikuwa nyeusi kwa damu ya miezi mingi. Harufu ikafika mpaka viti vya nyuma, watu wakaziba pua.

"Ondoa uchafu huu!" alifoka Mzee Kitwana.

Nesi alimtazama kama mtu atazamavyo funza kwenye nyama. "Uchafu? Leo asubuhi nimewaondoa wazazi watatu juu ya godoro hili, mzee wangu. Mmoja ni mpangaji wako. Haya, pigeni kura."

Kwenda madirishani sasa ilibidi kuliruka, na katika mji ule kuruka malazi ya mzazi ni mwiko ambao hakuna aliyewahi kuuvunja.

Mzee Kitwana alipandisha kanzu mpaka magotini, akainua mguu mmoja. Wenzake wakajipanga nyuma yake, leso puani, wakingoja kuona atautua wapi.