Herufi Z

"Mwalimu ameandika, 'Ni msikivu darasani,'" binti yangu alinisomea ripoti yake, kidole kimelala juu ya neno.

Ncha ya kidole hicho ilijaa matundu ya sindano.

Mimi shule niliichungulia dirishani tu. Lakini ni fundi cherehani wa sare, na majina ya watoto wa watu nayadarizi mifukoni herufi moja moja. Herufi nazijua kwa mikono, kila moja na sauti yake. Inayonitesa kuliko zote ni Z, kwa zile kona zake mbili.

"Hebu toa kidole, mwanangu."

Akakitoa polepole. Z ilikuwa pale pale, katikati ya neno. Kwenye "msikivu" hakuna Z.

Nikalifuata neno kwa ukucha, kama ninavyofuata mstari wa chaki kwenye kitambaa. A. Na. Si. N. Zi. A.

Anasinzia.

Nilitaka kumuuliza kwa nini. Lakini jibu lilikuwa limerundikwa mezani: mashati arobaini yasiyo na vifungo, ya kupelekwa kesho asubuhi. Jana yalikuwa mengine, na juzi mengine. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia.

"Umesoma vizuri," nikasema.

Hakunitazama. Alivuta kigoda, akachukua shati la juu.

"Mama, nitungie uzi. Leo macho mazito, tundu silioni."

Nikamtungia.